Foleni ya mabegi kwa Mkapa: Mashine ipi itatuvusha AFCON 2027?

SIKU ya dabi Kariakoo haifungi maduka, inafungua mdomo. Kuanzia Mtaa wa Msimbazi yalipo makao ya Simba hadi Twiga na Jangwani kwa Yanga, umbali ambao mtu anautembea kwa miguu bila kutoa jasho, habari ni moja tu. Anayeuza soksi, anayeuza vioo vya simu, dada wa mama lishe, wote wana kikosi chao kichwani na kila mmoja ni kocha.

Chukua mfano wa mmachinga mmoja. Mechi ni saa 11 jioni. Saa 8 mchana anakunja meza. Mzigo uliobaki hana pa kuuacha, anausukumia kwenye begi la mgongoni: soksi pea 40, chaja, pawabenki, kanga aliyonunua kwa ajili ya mama, chupa ya maji. Anadandia daladala, anashuka Uhasibu, anasogea kwa Mkapa. Tiketi imo kwenye N-Card, kalipia kwa simu tangu juzi. Amewahi na ana haki zote za kuingia. Kasoro yake moja tu: ana begi.

Getini zipu inafunguliwa. Soksi zinatolewa, chaja inageuzwa, chupa inabaki nje, kanga inakunjuliwa. Nusu dakika imekwenda. Nyuma yake kuna mtu, nyuma ya huyo kuna wengine 200, na wimbo wa timu unasikika kutoka ndani. Wa nyuma hawajui kinachoendelea mbele. Wanachojua ni kwamba foleni haisogei. Wanasukuma.

Hiyo nusu dakika ndiyo habari yenyewe. Tanzania, Kenya na Uganda zinaandaa AFCON 2027 kwa pamoja, na mazungumzo mengi ni nyasi, taa, vyumba vya wachezaji na hoteli. Geti halina mvuto wa kupigwa picha. Lakini ukifuatilia maafa ya viwanjani, hapa kwetu na kwa wenzetu, mengi yameanzia hapo.

MEI 28, MARA MBILI

Mei 28, 2022, Paris. Fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, Liverpool na Real Madrid. Mechi ilichelewa zaidi ya nusu saa. Maelfu ya watu waliokuwa na tiketi halali walibanana nje ya Stade de France kwenye vizuizi vya ukaguzi vilivyowekwa kabla hata ya kufika mageti yenyewe. Polisi wakapiga mabomu ya machozi, watoto wakiwemo. Ripoti huru iliyotolewa Februari 2023 ilisema UEFA ndiyo yenye dhamana kubwa ya kilichotokea.

Mwaka mmoja kamili baadaye, Mei 28, 2023, ikawa zamu ya Dar es Salaam. Fainali ya kwanza ya Kombe la Shirikisho Afrika, Yanga na USM Alger, kwa Mkapa. Kabla ya mpira kuanza, msongamano wa kuingia uliua shabiki mmoja na kujeruhi wengine wapatao 30. Yanga ikafungwa 2-1, ikaenda Algiers ikashinda 1-0, kombe likapotea kwa bao la ugenini. Bao lile linakumbukwa hadi leo. Yule shabiki, wachache wanamkumbuka.

Jirani tu na hapo, Uwanja wa Uhuru, Machi 21, 2021, watu 45 walipoteza maisha kwenye msongamano wakati wananchi wakimuaga Rais John Magufuli. Hakukuwa na mechi. Kulikuwa na umati mkubwa na njia chache za kuupitisha.

Januari 24, 2022, kwenye AFCON ya Cameroon, wanane walikufa nje ya Uwanja wa Olembe, Yaoundé, mashabiki waliporundikana kwenye geti ambalo Rais wa CAF, Patrice Motsepe, alisema lilipaswa kuwa wazi lakini lilifungwa. Rudi nyuma zaidi, Aprili 15, 1989, Hillsborough, mashabiki 97 wa Liverpool. Upande wao watu 10,100 wa tiketi za kusimama walipangiwa mageti saba tu ya kuzunguka. Saba. Mengine ni historia ya kuumiza.

Kwenye matukio haya yote hakuna bomu lililolipuka. Kilichoua ni watu wengi kusubiri mahali padogo.

KWA NINI BASI TUPEKULIWE?

Hapa ndipo mjadala wa kijiweni huwa unapotea njia. Wengine wanasema ondoeni upekuzi, watu waingie. Hao wamesahau Kampala, Julai 11, 2010. Watu walikuwa wanaangalia fainali ya Kombe la Dunia, Hispania na Uholanzi, kwenye klabu ya raga ya Kyadondo na kwenye mgahawa wa Kiethiopia. Al-Shabaab wakalipua. Zaidi ya watu 70 waliuawa, na wengi wao walikuwa mashabiki wa soka kama wa Kariakoo, wameshika soda wakibishana kuhusu Iniesta. Nairobi nao wana kumbukumbu ya Westgate, Septemba 2013, na tangu hapo kufunguliwa begi kwenye mlango wa duka kubwa ni maisha ya kawaida. Dar yenyewe iliguswa Agosti 7, 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa na watu 11 wakafa.

Kwa hiyo upekuzi upo na utabaki. Hata tukiweka ugaidi pembeni, kuna baruti za moshi, tochi za leza na chupa, vitu vinavyozigharimu klabu faini za CAF. Vitu vya "kamati ya ufundi" tuviache, hakuna mashine duniani ya kuviona.

Tatizo ni kwamba upekuzi ukiwa wa polepole, unatengeneza hatari ya pili nje ya uwanja. Manchester, Mei 22, 2017, mshambuliaji hakuingia ukumbini. Alisubiri kwenye eneo la kutokea na begi lake la mgongoni, watu 22 wakauawa. Paris, Novemba 13, 2015, walipuaji walijilipua nje ya Stade de France wakati Ufaransa na Ujerumani wakicheza ndani. Umati ulionasa nje ya geti nao ni shabaha. Upekuzi mzuri ni ule unaokagua na kupitisha haraka kwa wakati mmoja.

HESABU ZA GETINI

Tufanye hesabu, maana soka la sasa ni namba. Mkapa inabeba watu 60,000. Tuseme kuna njia 40 za kupitia, na mtu asiye na begi anakaguliwa kwa sekunde tano. Kila njia inapitisha watu 720 kwa saa. Njia zote, 28,800. Uwanja unajaa kwa saa mbili na dakika tano. Hata hapo tunajipendelea, kwa sababu mwongozo wa usalama wa viwanja wa Uingereza hauruhusu kuhesabu zaidi ya watu 660 kwa saa kwenye geti moja la kuzunguka.

Sasa ingiza mabegi. Tuseme mtu mmoja kati ya wanne ana begi, na kila begi linachukua sekunde 30. Wastani wa kila mtu unaruka kutoka sekunde tano hadi 11 na robo. Njia zilezile 40 sasa zinapitisha watu 12,800 kwa saa, na kujaza uwanja kunachukua saa nne na dakika 41. Angalia kilichotokea: robo ya mashabiki wamekula theluthi mbili ya muda wa getini. Asiye na begi anaadhibiwa kwa begi la mwenzake.

Kutoka hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kununua kasi: mashine inayoshusha ukaguzi wa begi kutoka sekunde 30 hadi 10. Ya pili ni kupunguza mabegi, badala ya mmoja kati ya wanne awe mmoja kati ya 20, na ukaguzi ubaki wa mikono uleule wa sekunde 30. Piga hesabu zote mbili. Wastani unakuja sawasawa, sekunde sita na robo, na uwanja unajaa kwa saa mbili na dakika 36.

Yaani mashine ya kisasa na tangazo la redio linalosikilizwa vinafika kwa dakika ileile. Tofauti ni bei.

MASHINE ZENYEWE ZIKOJE?

Ya kwanza ni ile ya eksirei tunayoijua uwanja wa ndege: begi linapita kwenye mkanda, mtu anaangalia kioo. Inaona vizuri, lakini inahitaji umeme usiokatika, eneo tambarare lenye paa, na macho ya mtu aliyefunzwa ambaye anachoka. Viwanja vya ndege sasa vinahamia kwenye mashine zinazopiga picha ya begi kutoka pande zote, kama za hospitalini, ili abiria asitoe kompyuta wala vimiminika. Ni nzuri, ila ni ghali na nzito, na zimetengenezwa kwa abiria wanaokuja kidogokidogo siku nzima. Kwa Mkapa watu wanakuja kwa mkupuo.

Umeme nao si jambo la kupuuza. Aprili 30, 2023, Yanga ikicheza na Rivers United robo fainali ya Shirikisho, taa zilizimika kwa Mkapa mpira ukiwa unaendelea. Geti linalotegemea mashine peke yake linahitaji mpango wa dakika hiyo umeme unapokatika.

Ya pili ni milango ya kupita bila kusimama, inayotumia akili mnemba kutofautisha silaha na funguo. Kampuni ya Evolv ya Marekani ndiyo imevuma zaidi, na viwanja vingi kule vimeifunga. Lakini matokeo yake yanahitaji kusomwa kwa utulivu. New York ilipoijaribu kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi mwaka 2024, watu walipimwa mara 2,749. Mashine ilipiga kelele kimakosa mara 118. Ilinasa visu 12 na haikukuta bunduki hata moja. Novemba mwaka huohuo, mamlaka ya Marekani inayolinda walaji, FTC, iliituhumu kampuni hiyo kutia chumvi uwezo wa mashine zake, na makubaliano yaliyofikiwa yakazipa baadhi ya shule nafasi ya kuvunja mikataba.

Peleka kiwango kile cha makosa kwa Mkapa iliyojaa: zaidi ya watu 2,500 wanasimamishwa bure. Kila mmoja wao anahitaji askari wa kumpekua upya pembeni. Kama pembeni hapajaandaliwa, foleni imerudi mlango wa nyuma.

Ya tatu ndiyo inayosisimua mfuko mdogo. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, walionyesha kuwa mawimbi ya waifai ya kawaida, haya haya ya kuangalia mabao kwenye simu, yanaweza kukagua begi bila kulifungua. Mawimbi yanapenya kitambaa. Yakikuta chuma yanarudishwa, yakikuta kimiminika yanadhoofika, na programu inasoma tofauti hiyo. Kifaa kinahitaji antena mbili au tatu tu. Walikijaribu kwa vitu vya aina 15 na mabegi ya aina sita, kikatambua vitu vya hatari kwa asilimia 99. Walikilenga maeneo kama viwanja, shule na makumbusho, ambako mashine za uwanja wa ndege ni ghali na wapekuzi ni wachache.

Lakini kuna sentensi moja kwenye matokeo yao ambayo mtu wa Kariakoo anapaswa kuisoma mara mbili. Vitu vikiwa vimefungwafungwa ndani ya begi, usahihi ulishuka hadi karibu asilimia 90. Na begi la Kariakoo ndivyo lilivyo: soksi ndani ya khaki, khaki ndani ya kanga, kanga ndani ya mfuko. Kwenye mabegi 15,000, kosa la moja kati ya 10 ni mabegi 1,500. Maabara ilipima begi la mwanafunzi wa New Jersey, si mzigo wa mmachinga.

Hiyo haifanyi teknolojia ile kuwa mbaya. Inamaanisha inapaswa kupimwa hapa, kwa mabegi yetu, kabla ya mtu kusaini hundi. Vyuo vyetu vina wahandisi, na Kariakoo ina mabegi ya kila aina ya kuwafanyia mazoezi.

PESA HAINUNUI MPANGO

Anayedhani mashine zinamaliza kazi aangalie Miami, Julai 14, 2024. Fainali ya Copa America, Argentina na Colombia, ndani ya uwanja wa matajiri wenye kila kifaa. Mashabiki wasio na tiketi wakavamia, mageti yakafungwa, yakafunguliwa, watu wakapita hadi kwenye mifereji ya hewa, mpira ukachelewa zaidi ya saa moja.

Karibu na kwetu, kwenye CHAN ya Agosti 2025, Kasarani ilivamiwa na mashabiki, na CAF ikaishushia Kenya idadi ya watu hadi 27,000 kwenye mechi dhidi ya Zambia. Dar tulifungua mashindano yaleyale kwa ushindi wa 2-0 dhidi ya Burkina Faso. Hilo halitupi kinga. Na watani wetu wanajua vizuri geti linaweza kufanya nini: dabi ya Machi 8, 2025 iliahirishwa baada ya Simba kusema imezuiwa kuingia kwa Mkapa kufanya mazoezi ya mwisho, mpaka ikaja kuchezwa Juni 25 na Yanga kushinda 2-0. Kama geti linaweza kuahirisha dabi, linaweza kuharibu AFCON.

KINACHOWEZEKANA KUANZIA SASA

Ligi ya NFL ya Marekani ilianza sera ya begi linaloonekana ndani mwaka 2013. Shabiki anaruhusiwa mfuko mdogo wa wazi, mpekuzi anauangalia kwa jicho, basi. Haikuhitaji mtambo wowote. Hapa nchini tulifuta mifuko ya plastiki Juni 2019 na watu wakazoea ndani ya wiki chache, kwa hiyo wanaosema Mtanzania habadiliki hawasemi kweli. Mfuko wa wazi wa kudumu, wenye nembo ya Simba au Yanga, klabu zinaweza kuuza na kupata hela juu yake.

Jambo la pili ni mahali pa kuacha mzigo. Huwezi kumwambia mmachinga asije na begi wakati begi ndilo duka lake. Awekewe sehemu ya kulipia ndogo, mbali na mageti, na nyingine Kariakoo kwenyewe ambako mashabiki wanatokea. Mzigo ukaguliwe pale wakati wa kupokelewa, kabla haujarundikwa na wengine, na mwenye nao apewe namba. Hapo ndipo mashine mbili tatu za eksirei zinafaa kuliko getini, maana hakuna wimbo unaosikika wala watu 200 wanaosukuma.

Tatu, kutenganisha njia. Wasio na begi wapite kwao, wenye begi kwao, na kibao kikubwa cha Kiswahili kisimame mita 100 kabla ya geti, si kwenye geti lenyewe. Mtu akigundua kosa lake akiwa tayari mbele hawezi kurudi, nyuma kumejaa. Mama mwenye mtoto na mtu mwenye dawa zake wawe na njia yao, na wapekuzi wa kike wawe wa kutosha. Mwanamke asisubiri mara mbili ya mwanaume kwa sababu askari wa kike ni mmoja.

Nne, muda. N-Card inajua nani amenunua tiketi na namba yake ya simu. Ujumbe mfupi mmoja asubuhi ya mechi, wenye geti lake, saa ya kufika na neno "usije na begi kubwa", ni kazi ya sekunde. Huu ndio ukaguzi wa bei rahisi kuliko wote, kwa sababu begi linalobaki nyumbani halihitaji mashine.

Baada ya hayo, ndipo mashine zije. Zikija kwenye geti lenye mpango zitasaidia. Zikija kwenye geti lisilo na mpango zitakuwa mapambo yanayolia.

Dabi ijayo yule mmachinga atakunja meza tena saa 8 mchana. Ataangalia begi lake, atapiga hesabu ya daladala na foleni. Akipata pa kuliacha kwa bei ya soda, ataingia mikono mitupu na atakuwa kwenye kiti kabla timu hazijapasha. Asipopata, atakuja nalo, atasimama mbele ya watu 200 wanaosukuma, na kila mtu nyuma yake atakuwa anasubiri zipu ifunguliwe. Mechi ni dakika 90. Foleni isiwe ndefu kuliko mechi.